Nani Hasa Anakula Ndani ya Kichuguu?

Sururu ilipozama mara ya pili, ukuta wa kichuguu uliachia, na tundu likafunguka. Tulikuwa tunasawazisha kiwanja cha shangazi, na mzee aliyepewa kazi hiyo alikuwa ametuonya tangu asubuhi kwamba kichuguu kile si gofu, kwa sababu ufa alioupiga jana yake aliukuta umezibwa kwa udongo mbichi. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa donge jepesi la rangi ya kahawia, lenye mikunjo mingi kama ubongo wa mbuzi, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa na uvuguvugu. Juu ya mikunjo yake vilitapakaa vinundu vyeupe visivyofikia ukubwa wa punje ya mtama, na kati ya vinundu hivyo mchwa wadogo, weupe, walikuwa wanaendelea na shughuli zao.

"Hili ni nini, mzee?"

"Ndilo linalowalia kuni, mwanangu. Wao wanabeba tu."

Akarudi kwenye sururu yake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Mimi nilibaki na lile donge, na swali ambalo kwa majuma kadhaa halikuniacha hata nilipokuwa kwenye foleni ya benki: ikiwa mchwa hawali kuni, na kinachokula kuni si mchwa, basi mnyama anayeishi ndani ya kichuguu ni yupi, na anaishia wapi?

Chakula kinachopita tumboni mara mbili

Mzee alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa vya Afrika Mashariki, wale wa jenasi ya Macrotermes, ni wakulima. Wafanyakazi waliokomaa hutoka nje kukusanya majani makavu, nyasi na vipande vya miti. Wanapovifikisha nyumbani, wafanyakazi vijana huvimeza pamoja na vile vinundu vyeupe ambavyo vimejaa spora, yaani mbegu ndogo mno za kuvu, kisha hutoa kinyesi kilichochanganyika na kukipanga juu ya sega, yaani donge kama lile nililowekewa kiganjani. Spora huota humo, nyuzi za kuvu hutambaa kote na kuanza kuvunjavunja lignini na selulosi, vitu viwili ambavyo hufanya mti uwe mgumu kumeng'enywa na karibu kila mnyama. Baada ya wiki kadhaa, wafanyakazi waliokomaa hula sehemu ya chini ya sega iliyokwisha kuiva.

Kwa hiyo jani moja hupita tumboni mara mbili, na kati ya safari hizo mbili hukaa shambani mikononi mwa kuvu. Kuvu yenyewe ni ya jenasi ya Termitomyces, ndugu wa karibu wa uyoga ule mkubwa ambao watu huchuma kando ya vichuguu mvua zinapoanza. Nasema ndugu kwa kuwa aina ni nyingi; lakini mara nyingi uyoga unaouchuma pale ni kuvu ileile ya shambani, imetoa kichwa nje. Ukiung'oa taratibu utaona shina lake linaendelea kushuka ardhini, refu na jembamba, hadi kwenye sega.

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu. Mchwa ni mchwa, kuvu ni kuvu, na wanategemeana. Kutegemeana ni mada ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huiandika kwenye daftari lake, pamoja na mfano wa ndege anayemla kupe mgongoni mwa nyati.

Kilichonisumbua ni kwamba mfano wa ndege na nyati haufanani hata kidogo na huu. Nyati asiye na ndege anaishi. Kichuguu kisicho na kuvu kinakufa njaa.

Kilicho tumboni mwa wale wengine

Si mchwa wote wanaolima. Wapo wanaokula mti moja kwa moja, na hao ndio walionivuta mbali zaidi na kiwanja cha shangazi. Katika miaka ya 1920 mtafiti Mmarekani, L. R. Cleveland, aliwapasha joto mchwa wa namna hiyo kiasi cha kuua viumbe wa seli moja wanaoogelea ndani ya utumbo wao, huku mchwa wenyewe wakibaki hai. Waliendelea kula mti kama kawaida. Wakafa njaa huku matumbo yao yamejaa. Aliporudisha viumbe wale tumboni, mchwa waliishi.

Mmoja wa viumbe hao, anayeishi katika utumbo wa mchwa wa Australia aitwaye Mastotermes darwiniensis, alielezwa na Jean Sutherland mwaka 1933 na kupewa jina la Mixotricha paradoxa. Ni seli moja tu, lakini kwa seli ni jitu: urefu wake unakaribia nusu milimita. Sutherland aliona kwamba ina mikia michache mbele na vinyweleo vingi mwilini, mchanganyiko ambao haukupaswa kuwepo katika seli moja. Mwaka 1964 Cleveland na A. V. Grimstone waliitazama kwa hadubini ya elektroni na kugundua kwamba vile vinyweleo si sehemu ya seli. Ni bakteria. Ni maelfu kwa maelfu ya bakteria wembamba waliojipachika juu ya utando wake, wanaopiga mawimbi kwa pamoja na kuisukuma mbele, huku bakteria wengine wakiishi ndani yake.

Hebu fikiria msururu huo. Mti umo ndani ya mchwa, mchwa ana seli ndani ya utumbo wake, na seli hiyo inaendeshwa na bakteria walioko juu yake.

Swali langu la awali, kuhusu mnyama anaishia wapi, sasa lilikuwa limeshuka ngazi tatu.

Wageni waliohamia kabisa

Hapo ndipo nililazimika kurudi kwenye seli, somo ambalo shuleni hufundishwa kwa mchoro wa duara lenye vitu vinavyoelea ndani: kiini, ribosomu, mitokondria, na mstari wa penseli kwa kila jina. Mchoro ule hausemi kwamba mitokondria, zile zinazoipa seli nishati, zilikuwa bakteria. Mwaka 1967 Lynn Margulis, wakati huo akiandika kwa jina la Lynn Sagan, alichapisha hoja kwamba mitokondria, pamoja na kloroplasti za mimea, ni vizazi vya bakteria waliowahi kuishi wenyewe, wakaingia katika seli nyingine na kubaki humo. Wengi waliikataa. Ushahidi wa DNA ulipopatikana, kwamba mitokondria zina DNA yao na kwamba inafanana na ya bakteria, mjadala ulibadilika.

Jambo linalonishangaza zaidi ni hali yao ya leo kuliko asili yao. Mitokondria ya binadamu imebaki na jeni 37 tu. Jeni nyingine zilizokuwa za babu yake zilipotea au zikahamia kwenye kiini cha seli, na sehemu kubwa ya protini zinazohitajika huagizwa kutoka huko. Haiwezi kuondoka. Huwezi kuitoa ukaiotesha kwenye sahani ya maabara. Na kila mmoja wetu amepokea mitokondria zake kutoka kwa mama yake, ndani ya yai, bila siku hata moja ya kukaa nje.

Kwa siku kadhaa niliridhika na picha hii: kichuguu ni seli iliyokuzwa, na kuvu ni mitokondria yake. Ni picha tamu, na si mimi wa kwanza kuvutiwa nayo. Mwaka 1911 William Morton Wheeler, bingwa wa sisimizi na siafu, aliandika kwamba koloni zima ni kiumbe kimoja. Malkia na mfalme ni viungo vya uzazi, askari ni kinga, wafanyakazi ni mikono na utumbo. Ukizitazama sifa za kiumbe hai tulizokaririshwa, lishe, upumuaji, utoaji taka, ukuaji, uzazi, kuhisi na mwendo, kichuguu hukosa ule wa mwisho tu, na hata miti hukosa.

Kuhusu kupumua

Naomba nichepuke kidogo kwenye upumuaji, kwa kuwa ndiyo sifa inayopigiwa debe zaidi. Martin Lüscher, Mswisi, alieleza mwaka 1961 kwamba joto linalotolewa na mchwa na kuvu hupandisha hewa hadi juu ya kichuguu, hewa hiyo hupoa karibu na kuta na kushuka, na kwa mzunguko huo nyumba hupata oksijeni. Jengo la Eastgate la Harare, lililobuniwa na msanifu Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, lilichota wazo lake humo, na hutumia hewa baridi ya usiku kupoza ofisi za mchana.

Vipimo vya baadaye vilichanganya mambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu vichuguu vya India ulionyesha kwamba hewa hugeuza mwelekeo kati ya mchana na usiku, ikiendeshwa na jua linalopasha kuta za nje. Kwa maneno mengine, kichuguu kile kinapumuliwa na siku. Jengo la Harare linafanya kazi vizuri vilevile, jambo ambalo nadhani linapaswa kuwatuliza wahandisi na kuwahangaisha wanabiolojia.

Kwangu lilikuwa onyo. Kufanana na mwili hakutoshi.

Usiku wa kumbikumbi

Picha yangu ya seli iliyokuzwa ilivunjika nilipoacha kuuliza jinsi kichuguu kinavyoishi na kuanza kuuliza jinsi kinavyoanza.

Kumbikumbi tunaowajua sote. Mvua inanyesha, wanatoka kwa maelfu, wanajazana kwenye taa, watoto wanakimbia na mabeseni, na kesho yake mabawa yametapakaa barazani. Katika umati huo, wachache sana hufanikiwa. Dume na jike hukutana, hukata mabawa yao wenyewe, huchimba shimo dogo na kujifungia ndani. Tofauti na nyuki, dume hafi baada ya kupandana. Anabaki na malkia wake maisha yote. Katika majuma ya kwanza hawatoki nje kula. Huishi kwa akiba ya miili yao, pamoja na misuli ya kurukia ambayo sasa haina kazi, na kwa akiba hiyo huwalisha watoto wa kwanza.

Watoto hao ni somo la ukuaji peke yake. Mchwa hawapitii hatua ya buu na pupa kama kipepeo. Wanatoka kwenye yai wakiwa na umbo la mchwa na kukua kwa kujivua ngozi. Wote ni wa baba na mama mmoja, na mayai hayatofautiani kwa macho, lakini mmoja atakuwa askari mwenye kichwa kikubwa na taya za kukata, mwingine mfanyakazi mdogo, na miaka kadhaa baadaye mwingine atakuwa kumbikumbi mwenye macho na mabawa. Katika Macrotermes, askari wote ni majike, wafanyakazi wadogo ni majike, na wafanyakazi wakubwa ni madume. Jinsia hupunguza njia zilizo wazi, kisha lishe na harufu zinazotolewa na wenzao husaidia kuamua njia ipi itafuatwa. Seli za mwili wako hufanya jambo la namna hiyohiyo: ya ini na ya ngozi zina DNA ileile, lakini kila moja imefungua kurasa zake.

Mpaka hapo Wheeler angefurahi.

Lakini kuvu iko wapi?

Katika shimo lile la kwanza, kwa aina nyingi za Macrotermes, haimo. Kumbikumbi hawabebi chochote. Wanaruka bila shamba. Wafanyakazi wa kwanza wanapokuwa tayari kutoka nje, uyoga unakuwa umeshaota juu ya vichuguu vikubwa vya jirani, na upepo umesambaza spora zake juu ya nyasi na majani. Watoto wale wa kwanza hukusanya majani, na pamoja na majani huokota spora. Wasipozipata, koloni linakufa.

Nilikaa sana na jambo hili. Mchwa na kuvu hawawezi kuishi mmoja bila mwingine, na bado kila kizazi wanaachana, kila mmoja anazaa kwa njia yake na kwa wakati wake, kisha wanatafutana upya. Mitokondria haikuwahi kufanya hivyo tangu ilipohamia.

Basi tofauti ya mwili mmoja na ushirika haiko katika kiasi cha kuhitajiana. Iko mwanzoni. Vitu viwili vinavyopita katika yai moja vina mustakabali mmoja: kinachomwangamiza mmoja kinamwangamiza mwingine. Vitu viwili vinavyozaa kila kimoja upande wake vinaweza kugombana. Uyoga unaochomoza nje ya kichuguu umejengwa kwa chakula ambacho mchwa wangekula. Kwa mchwa ni hasara, kwa kuvu ni mtoto.

Mbegu moja

Hata hivyo ushirika huu haufanani na soko huria, na hapa ndipo nilipovutiwa zaidi.

Wafanyakazi wa kwanza wanaweza kuokota spora za wazazi wengi tofauti. Ungetarajia shamba liwe mchanganyiko. Lakini watafiti walipochunguza kuvu ndani ya vichuguu vilivyokomaa waliikuta ya ukoo mmoja tu katika kila kichuguu. Sababu imo katika ule ulaji wa vinundu: ukoo unaotoa vinundu vingi ndio unaomezwa zaidi, ndio unaopandwa zaidi kwenye sega jipya, na nyuzi zake zinapokutana na nyuzi za ukoo wake huungana na kustawi, ilhali zinapokutana na za ukoo mwingine haziungani. Walio wengi huzidi kuwa wengi, hadi wanabaki peke yao.

Yai linafanya kazi hiyohiyo kwa mwili. Kila mmoja wetu alipitia tundu la sindano la seli moja, na kwa sababu hiyo seli zetu zote ni za ukoo mmoja na hazina sababu ya kushindana; pale moja inapobadilika na kuanza kujizalia yenyewe, tunaita saratani. Mchwa na kuvu hawana yai la pamoja, lakini kwa kupanda na kula, kupanda na kula, wametengeneza tundu la sindano la upande wa kuvu.

Na shamba lina magugu. Kuna kuvu nyingine, Pseudoxylaria, ambayo hukaa ndani ya sega bila kuonekana maadamu mchwa wapo. Ukichukua sega na kuliweka kwenye chombo bila mchwa, baada ya siku chache linafunikwa nayo. Donge lile la kiwanjani nililiacha ndani ya ndoo yenye mfuniko, na ndivyo lilivyofanya: vijiti vyembamba vya rangi ya kijivu vilichomoza juu ya mikunjo yote, na vinundu vyeupe havikuonekana tena. Shangazi aliniamuru nilitupe.

Madoa ya Laikipia

Ukipanda ngazi badala ya kushuka, mpaka unazidi kufifia. Huko Mpala, katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya, watafiti walionyesha mwaka 2010 kwamba vichuguu vya mchwa wa Odontotermes, ambao nao ni wakulima wa kuvu, vimepangika kwa nafasi zinazokaribia kulingana, kwa kuwa kila koloni linawasukuma majirani. Udongo wa kichuguu una nitrojeni na fosforasi zaidi. Miti iliyo karibu nacho hustawi kuliko ya mbali, wadudu wanakuwa wengi, na mijusi wadogo wa mitini wanaowala wadudu hao wanakuwa wengi pia. Mwaka 2015 utafiti mwingine katika jarida la Science ulieleza kwamba madoa hayo ya rutuba husaidia nyika kustahimili ukame, kwa sababu mimea huanzia pale kurudi mvua inaponyesha.

Je, nyika nayo ni mwili? Kwa kipimo changu, hapana, na hapa sisiti. Mjusi wa Mpala anafaidika na kichuguu bila kuzaliwa nacho wala kukitafuta. Mpangilio ule mzuri unaoonekana kutoka angani ni matokeo ya ugomvi wa mipaka.

Sisi je

Kipimo hicho kinanirudia mwenyewe bila huruma. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mtu mzima wa kilo 70 ana seli za kibinadamu trilioni 30 hivi na bakteria trilioni 38 hivi, wengi wao wakiwa kwenye utumbo mpana. Mitokondria zangu ni mimi. Nilizaliwa nazo ndani ya yai. Bakteria wa utumbo wangu niliwapata njiani: wakati wa kuzaliwa, kwa kunyonya, kwa kutambaa sakafuni, kwa vidole vya ndugu zangu. Nikitumia dawa za kuua bakteria wengi wao hufa nami nabaki, tena baadaye napata wengine. Kwa upande huo nimekaa karibu zaidi na kichuguu kuliko na seli.

Je, miaka ingeweza kugeuza ushirika kuwa mwili? Katika Bonde la Ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, yamepatikana masega ya kuvu yaliyogeuka mawe ndani ya viota vya mchwa, yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Kwa muda wote huo aina nyingi zimeendelea kuachana na kutafutana. Muda peke yake, basi, hautoshi.

Lakini zipo zilizoacha. Katika Macrotermes bellicosus, kumbikumbi dume huondoka nyumbani akiwa amebeba spora tumboni, na shamba la wana wake huanzia kwake. Katika jenasi ya Microtermes mbebaji ni jike. Kwa kuwa mmoja anatumia dume na mwingine jike, inaelekea kila ukoo ulianza kivyake. Mtu akitaka kunipinga kwamba kichuguu hakiwezi kuwa mwili mmoja, aanzie kwa hao: atazame kama kuvu inayobebwa imeanza kupoteza jeni ambazo ile inayopeperushwa na upepo bado inazihitaji.